Sura ya Tatu: Bagamoyo hadi Kiwangwa

Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilikuwa na desturi ambayo mtu wa leo akiisikia huiona ni uvivu. Watu wameshinda wiki nyingi wakitafuta wapagazi, wakifunga mizigo, wakivutana juu ya posho na kungoja waliochelewa. Siku ya kuondoka inafika. Kirangozi anatangulia, ngoma zinalia, bunduki zinapigwa hewani, mji unatoka kuaga. Kisha msafara unakwenda mwendo wa saa moja au mbili tu, unatua. Aliyesahau sufuria yake nyumbani anaweza kurudi kuichukua na jua lisizame hajafika.

Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, siku 73 baada ya kufika Unguja, akiongoza kundi la tano la msafara wake wa kumtafuta David Livingstone. Gazeti la New York Herald ndilo lililomtuma na ndilo lililolipa, na makundi manne yalikuwa yamekwishatangulia. Mtu wa namna hiyo ungedhani atakimbia. Siku ile alikwenda maili tatu na robo, yaani kama kilomita tano, akapiga kambi kwenye shamba la Gonera, mjane tajiri wa Kihindi aliyepeleka nguo, shanga na waya bara na kuletewa pembe za ndovu. Katika kitabu chake Stanley anaiita hatua hiyo safari ndogo ya mwanzo, na Richard Burton, aliyeanza safari yake pwani hiyohiyo mwaka 1857, aliikuta desturi hiyo kabla yake.

Wazungu hawa hawakuileta desturi hiyo. Waliikuta mikononi mwa Waswahili na Wanyamwezi, watu ambao kwenda bara na kurudi pwani ilikuwa kazi yao. Na sababu zake zilikuwa za kazi. Mzigo uliofungwa uani hauna tabia sawa na mzigo uliokwishatembea juani. Kamba inalegea, bunda linaegemea upande mmoja, mtu anagundua ukingo wa sanduku unamchoma bega. Kuna mpagazi aliyepokea posho na hakuonekana tena, na ni heri kulijua hilo ukiwa bado karibu na mji wenye watu wa kuajiri kuliko kulijua nyikani. Siku ya kwanza ilikuwa ya kuukagua msafara ukiwa njiani, na umbali ulikuja baadaye.

Mimi nimeichukua desturi hiyo nikaihamishia kwenye baiskeli, na katika sura hii ninaitetea kwa sababu vijana wengi ninaoonana nao wanaifanya siku ya kwanza kinyume chake. Wanaondoka na nguvu zote za mwaka mzima, wanapiga kilomita mia na ushei, wanafika usiku mahali wasipopajua, wanafunga hema kwa tochi, na asubuhi goti halikunjiki. Wengi wao safari huishia siku ya tatu au ya nne, na lawama huangukia baiskeli.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza chuo na ana mapafu ya kunishinda mara mbili. Tulikusudia kwenda Ujiji: Msata, Chalinze, Morogoro, Dodoma, Manyoni, Tabora, kisha Kigoma na ziwa. Barabara za leo hazifuati hatua kwa hatua njia ya misafara, ambayo ilikuwa na urefu wa kama kilomita 1,200, lakini zinaikaribia na mahali pengine zinaikanyaga. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya awali ya maeneo ambayo ingependa yatambuliwe na UNESCO kuwa urithi wa dunia, kwa jina linalotaja wazi watumwa na pembe. Jina hilo ni la haki. Watu walioteremshwa kwa njia hii wamefungwa shingoni walifika pwani wakiwa wamechoka kuliko nitakavyochoka mimi siku yoyote ya maisha yangu, na nilimwambia binti kabla hatujaondoka kwamba sitaki aiendeshe baiskeli yake hapa bila kulijua hilo. Akaniambia analijua, na kwamba ndilo lililomfanya akubali kuja.

Tulichagua Julai. Masika yamekwisha, njia zimekauka, na kusi inavuma kutoka kusini na kusini mashariki, ambayo kwa mtu anayeelekea magharibi ni upepo wa ubavuni na mgongoni kidogo. Stanley aliondoka masika yakibisha hodi, akayalipia baadaye katika tope la bonde la Makata, ambako watu na punda wake waliteseka vibaya. Mwendesha baiskeli ana hiari ya kuchagua mwezi wake, na ni hiari kubwa kuliko ya kuchagua aina ya baiskeli.

Jioni ya kuamkia safari tuliazima mizani ya duka tukapima kila kitu. Mpagazi wa zamani alibeba kama frasila mbili kichwani au begani, yaani kilo thelathini na ushei, mbali na vyake mwenyewe: mkeka, chakula, sufuria, bunduki akiwa nayo. Baiskeli inaweza kubeba zaidi ya hapo, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu chuma hakilalamiki mapema. Binadamu aliyezidishiwa mzigo husema palepale. Spoki iliyozidishiwa hunyamaza wiki nzima, ikakatika mahali pasipo fundi.

Basi tulikuwa na hema la watu wawili, mikeka miwili ya sponji, mablanketi mepesi, sufuria mbili zinazoingiana, jiko dogo la gesi, mchele, unga, dagaa, chumvi, majani ya chai na sukari. Kwenye mfuko wa ufundi kulikuwa na spana za saizi zinazotakiwa na baiskeli zetu tu, bisibisi, viraka, solesheni, msasa, pampu, tyubu za akiba, spoki kadhaa zilizofungwa kwenye fremu kwa utepe, vipande vya cheni, waya na mafuta. Nguo zilikuwa chache. Kulikuwa pia na vitu ambavyo sikuwa na uhakika navyo, vyake na vyangu, na sikuvibishia. Njia ingevichambua yenyewe kabla ya usiku.

Kupanga kuna kanuni mbili zisizobadilika. Kizito kikae chini, na pande mbili zilingane. Chakula, maji na vyuma viliingia chini kabisa ya mabegi ya pembeni. Hema likalala juu ya keria kwa urefu. Mgongoni mwa mtu hakikukaa kitu. Begi la mgongoni ukilibeba siku moja mjini hulihisi, lakini siku nzima barabarani linahamishia uzito wote kwenye siti na viganja, na linakuzibia jasho lisipoe. Ukimaliza kufunga, shika siti, tikisa baiskeli kwa nguvu kushoto na kulia. Kinachogonga kitalegea, na kinacholegea kitaingia kwenye spoki.

Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuyafikiria mambo haya ya uzito alikuwa fundi cherehani wa London, Thomas Hiram Holding. Mwaka 1853, akiwa mtoto, alivuka mbuga za Marekani katika msafara wa magari ya kukokotwa, akalala kambini kwa wiki nyingi. Utu uzimani aliipeleka kambi kwenye baiskeli. Mwaka 1897 alizunguka Ireland na wenzake wakilala katika hema walilolibeba wenyewe, mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya safari hiyo, na mwaka 1901 kikaanzishwa chama cha wapiga kambi wa baiskeli huko Uingereza, ambacho vizazi vyake vipo mpaka leo. Mwongozo wake mkubwa wa kupiga kambi ulitoka mwaka 1908. Ninampenda Holding kwa sababu alikuwa mtu wa sindano na uzi aliyejua kitambaa kizito ni kipi na chepesi ni kipi, na kwa sababu alijifunza kambi kwenye msafara kama walivyojifunza watu wetu.

Tuliondoka jua likichomoza, saa kumi na mbili na nusu. Tulianzia mbele ya kanisa la misheni, penye mnara wa zamani ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa mwezi Februari 1874. Abdullah Susi na James Chuma pamoja na wenzao walikuwa wameubeba kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, mwendo wa miezi mingi. Wageni wengi wanaofika pale humkumbuka aliyebebwa. Sisi tulikuwa tumekuja kwa ajili ya waliobeba.

Nusu saa ya kwanza kwenye baiskeli yenye mzigo ni ya kujifunza upya kitu ulichodhani unakijua. Ukiinuka kwenye siti, baiskeli inayumba. Ukikata kona, inachelewa kisha inakwenda zaidi ya ulivyotaka. Breki zinashika mbali kuliko jana. Nilimwambia binti aanze na gia nyepesi hata pale anapoona hahitaji, miguu izunguke haraka bila kusukuma kwa nguvu, kwa sababu goti huumizwa na kusukuma. Siti yake tuliipima upya pembeni mwa njia: kisigino kikiwa juu ya pedali iliyoshuka chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ilikuwa chini kidogo. Tukaipandisha, tukaweka alama ya kalamu kwenye bomba lake ili ikishuka tujue.

Makofia tulisimama, na hizi ndizo dakika kumi muhimu kuliko zote za siku ya kwanza. Nilitoa spana nikakaza kila bolti ya keria za baiskeli zote mbili. Moja ilizunguka karibu nusu duara. Bolti mpya au iliyofunguliwa karibuni hukaa vizuri ukiwa umesimama, lakini mtikisiko wa kwanza wenye mzigo huitafutia makao yake, na baada ya hapo ndipo inapokazwa ikakazika. Kwenye baiskeli ya binti kulikuwa na jambo jingine. Kisigino chake cha kulia kilikuwa kikigusa begi kila mzunguko, mguso mdogo tu, na alikuwa amekwishaanza kugeuza mguu nje ili kuukwepa bila mwenyewe kujua. Mguu uliogeuzwa hivyo kwa siku nzima ni goti bovu kesho. Tulilisogeza begi nyuma vidole vitatu, tukalifunga upya, akazungusha pedali kinyumenyume mara kadhaa huku ameegemea mti.

"Hujasikia kinagonga?" nilimuuliza.

"Nilisikia, mjomba. Nikadhani nitazoea."

Nikamwomba jambo moja kwa safari nzima: asizoee kitu chochote kabla ya kunionyesha.

Baadaye barabara inateremka kwenye bonde la Ruvu. Huu ndio mto ambao vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 vinauita Kingani, na kwa msafara wa wakati ule kuuvuka ilikuwa shughuli ya siku nzima, mitumbwi ikienda na kurudi na mizigo, punda wakivutwa majini, viboko na mamba wakiwa majirani. Sisi tulipita darajani kwa dakika moja. Nilisimama ng'ambo ili nisiupite bure. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakienda polepole kuelekea baharini, na bondeni hewa ilikuwa na ubaridi na harufu ya majani mabichi. Upepo uwandani pale hauna kizuizi. Ulitupiga ubavu wa kushoto, nikamwonyesha binti namna ya kulegeza viwiko ili usukani usipokee kila msukumo.

Magari kwenye njia hii ni machache kuliko barabara kuu ya Mlandizi na Chalinze, na hiyo ndiyo iliyonifanya niichague. Lakini yapo, mabasi na malori, na mengine hayapunguzi mwendo. Kanuni yangu ni moja na siijadili na mtu njiani: gari mbili zikielekea kukutana pale ulipo, toka kwenye lami kabla hazijafika, uteremke kwenye changarawe ukiwa unajitawala. Baiskeli yenye mzigo haishuki ukingo wa lami kwa ghafla. Inabidi uione nafasi mapema, upunguze mwendo, ushuke ukiwa umenyoosha usukani. Tulifanya mazoezi ya kushuka na kupanda wakati njia ikiwa tupu, mara nyingi mpaka akaniambia inatosha.

Tulipokaribia Fukayosi tulimkuta mwalimu wetu wa siku hiyo. Alikuwa amepumzika chini ya mkorosho, kijana wa miaka kama thelathini, na pembeni yake baiskeli yenye magunia ya mkaa imesimamishwa kwa mti wenye panda. Tulisalimiana, tukaomba kukaa kivulini. Nilikuwa nimewaona wabeba mkaa maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuchuchumaa karibu na baiskeli yao na kuisoma.

Ilikuwa baiskeli ya kawaida nyeusi ya Kichina, ya gia moja. Keria ya dukani ilikuwa imeondolewa na badala yake kuna keria ya nondo iliyochomelewa, miguu yake ikishuka hadi kwenye ekseli ya nyuma kwa pande zote mbili. Uma wa mbele ulikuwa umeongezewa nondo mbili nyembamba, moja kila upande, kutoka ekseli hadi chini ya usukani. Rimu ya nyuma ilikuwa na spoki nene kuliko za mbele. Magunia mawili yalikuwa yamelala pande mbili na la tatu limekaa juu, midomo yake imezibwa kwa majani na kushonwa kwa kamba. Hakukuwa na kamba ya katani wala ya nailoni inayofunga mzigo wenyewe. Kila kitu kilishikwa na mikanda ya mpira iliyokatwa kwa urefu kutoka kwenye tyubu za gari, imevutwa mpaka imekuwa myembamba, kisha ikazungushwa na kupachikwa chini ya mzunguko uliotangulia. Hakuna fundo hata moja.

Nilimuuliza kwa nini hafungi fundo.

"Kamba ikilegea imelegea, kaka," alisema. "Mpira unajivuta wenyewe. Gunia likishuka, mpira unalifuata."

Akainuka akaja kwenye baiskeli yangu, akabonyeza hema juu ya keria kwa kiganja, akaitazama mikanda yetu ya dukani yenye vifungo vya plastiki. Hakusema ni mibaya. Aliuliza tu kifungo hiki kikivunjika huko mbele tunanunua wapi kingine. Kisha akachomoa kwenye usukani wake mkanda mmoja wa mpira wa akiba, akatufundisha: kwanza unapita chini ya keria, unavuta hadi mkono utetemeke, unazungusha mara mbili bila kuachia, mwisho unachomekwa chini ya mzunguko wa kwanza na kubanwa na mvuto wake wenyewe. Binti alijaribu, ukamtoka mkononi ukampiga kidole. Akajaribu tena. Mara hiyo ukakaa.

Tulinunua kwake mikanda miwili. Alikataa hela ya kwanza niliyotoa, akasema ni nyingi, akachukua pungufu. Alikuwa ametoka porini alfajiri na alikuwa na mwendo mrefu mbele yake kuliko sisi, na milima yote angesukuma kwa miguu. Ninaandika vitabu juu ya safari za baiskeli katika nchi ambayo wajuzi wa mzigo wa baiskeli ni watu kama huyu, wanaobeba kilo mia na zaidi bila hema wala siku ya mapumziko, na sijaona kitabu kilichowauliza wanavyofunga. Hiki nimekiandika nikiwa nimewauliza.

Maji tulikunywa kabla ya kiu. Katika jua la pwani mtu anayesukuma pedali anahitaji karibu lita moja kwa saa kukiwa na joto kali, pungufu kidogo Julai, na maji matupu peke yake hayatoshi, chumvi inatakiwa pia. Tulikuwa na mihogo ya kuchoma yenye chumvi na pilipili tuliyoinunua njiani, na chapati za asubuhi. Kula kidogo kila saa ni bora kuliko kula sana mchana, kwa sababu tumbo lililojaa na miguu inayofanya kazi hugombania damu ileile.

Kiwangwa tuliingia adhuhuri. Kijiji hiki ni cha mananasi. Kandokando ya barabara yamepangwa mafungu kwa ukubwa, na harufu yake unaipata kabla hujaona meza ya kwanza. Tulinunua moja lililoiva mpaka chini, mama muuzaji akalimenya kwa kisu kirefu, akatupa vipande kwenye mfuko pamoja na chumvi. Tukala tumesimama.

Hapo ndipo ubishi ulipotokea. Kutoka Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64, na tulikuwa tumekwishamaliza karibu theluthi mbili.

"Mjomba, saa saba bado. Msata tunafika mapema kabisa."

"Najua tunafika."

"Sasa?"

"Sasa tunalala hapa."

Hakufurahi, na sikumlaumu. Miguu ya siku ya kwanza inadanganya. Inakwenda kwa furaha ya kuondoka, na maumivu yake hayaji siku hiyo, yanakuja baada ya usingizi mmoja au miwili. Viganja vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi upande wa kidole kidogo, nilimwona akivikunjakunja. Mafuta ya kujipaka yalikuwa yamemwagika ndani ya begi. Kofia yangu ya baiskeli ilikuwa inanibana nyuma ya sikio. Mambo hayo yote yanatengenezeka kwa saa mbili za mchana ukiwa umetulia, na hakuna hata moja linalotengenezeka usiku ukiwa umechoka. Nikamweleza hivyo, pamoja na habari za shamba la Gonera. Akasema kama Stanley alikwenda kilomita tano basi sisi tumezidisha sana, tukaicheka hoja yake njia nzima hadi ofisi ya kijiji.

Kulala kijijini bila kupita ofisini ni kuwaweka watu katika wasiwasi ambao hawakuuomba. Mtendaji wa kijiji alitupokea vizuri, akaomba vitambulisho, akafungua kitabu cha wageni.

"Mmetoka wapi?"

"Bagamoyo."

"Mnakwenda?"

"Ujiji."

Aliinua kalamu. "Ujiji ya Kigoma?"

"Ndiyo hiyo."

Akaandika polepole, kisha akampigia simu balozi, na nusu saa baadaye tulikuwa uani kwa mama yake balozi, bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mahindi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Nimeambiwa mnataka kulala nje. Nyumba ipo, chumba kipo, mtalalaje nje kama mmefukuzwa?"

Nilimshukuru, nikamweleza kwamba tunakwenda mbali na hema ndiyo nyumba yetu ya njiani, na leo tunataka kulijua vizuri tukiwa karibu na watu. Alifikiri kidogo, akakubali kwa sharti kwamba chakula cha usiku tule kwake. Nilikuwa nimekwishachagua mahali, pazuri, tambarare, penye kivuli. Bibi akatikisa kichwa. Pale siafu wanapita, alisema, na akanionyesha kwa kidole mstari mwembamba wa udongo uliolainishwa ambao nisingeuona. Chini ya mnazi hakuturuhusu pia, kwa sababu ya nazi. Akatupeleka upande wa pili, nyuma ya jiko, kwenye kiinuko kidogo ambacho maji yakija hayatuami.

Kulifunga hema kwa mara ya kwanza mchana kweupe ni raha ambayo kila msafiri anastahili. Tulifagia vijiti na mawe, tukalaza turubai, tukapanga fito, tukageuza mlango usielekee kusi. Udongo ulikuwa mgumu; vigingi viwili vilipinda, tukavinyoosha kwa jiwe. Watoto walikuja, wakasaidia, wakaingia, wakatoka. Zipu ilifungwa mapema, kabla ya tochi yoyote kuwashwa, kwa sababu mbu wakishaingia na taa hawatoki. Kisha tukalivua hema lote tukalifunga tena, binti peke yake mara hii, mimi nimekaa kwenye kigoda kando ya bibi. Saa kumi na mbili na robo jua huzama mwezi huo, na baada ya hapo giza haliombi ruhusa. Tulikuwa tumekwishaoga, tumekwishafua, jiko limekwishajaribiwa kwa chai ya watu wanne.

Alasiri hiyo tulimwaga mizigo yote kwenye turubai. Hii ndiyo shughuli ambayo misafara iliifanyia kambi ya kwanza, na mimi siivuki. Kila mtu alitenga kile ambacho hakukigusa tangu asubuhi na asichoona sababu ya kukigusa kesho, tukiacha dawa na vifaa vya ufundi ambavyo heri yake ni kutoguswa. Binti alitoa suruali ya jinzi, kitabu kinene, kopo la mafuta, taulo la pili na chaja ya kitu ambacho hakukuja nacho. Mimi nilitoa sufuria ya tatu ambayo ilikuwa imejificha ndani ya nyingine, nyundo ndogo, viatu vya ngozi na mikanda yote ya dukani yenye vifungo vya plastiki. Tulijaza mfuko wa salfeti, tukaufunga kwa mkanda wa mpira bila fundo, tukaupeleka kituoni kwa konda wa kosta inayorudi Bagamoyo, ambako ndugu yetu angeupokea stendi.

Konda aliupima kwa mkono. "Kuna nini humu, vyuma?"

"Vitu vya nyumbani," binti alimwambia, akamlipa.

Tulirudi kwa bibi. Ugali ulikuwa mezani pamoja na kisamvu cha nazi, na balozi mwenyewe alikuwa amefika kutaka kujua kama kweli mtu anaweza kwenda Ujiji kwa baiskeli. Binti ndiye aliyemjibu, kwa kirefu, akichora njia kwa kidole juu ya mkeka. Baada ya kula alikwenda nje na tochi. Nilimsikia akitikisa baiskeli yake kushoto na kulia, kisha akanyamaza akisikiliza, kisha akaniita nimletee spana namba kumi.

"Ya kushoto imelegea tena, mjomba. Robo tu."

"Ikaze. Kesho Msata tunakunywa chai kabla ya saa tatu."

"Na baada ya Msata?"

"Chalinze, kama magoti yako yataamka na jibu zuri."